Harufu ya Sukari Iliyoungua

Mtu waliyemweka mahabusu aliitwa Kiberiti, na jina hilo lilikuwa limemmaliza hata kabla faili halijafunguliwa. Kila aliyeulizwa nani kachoma banda alianza kwa kulitaja jina, akaishia hapo hapo, kana kwamba ushahidi umetimia.

Inspekta alimtoa selo mwenyewe. Akamkalisha, akamsogezea kikombe cha maji, akamwacha anywe mpaka akimalize huku akimtazama mikono. Kiberiti alikuwa dereva wa trekta, mtu wa makamo, mwembamba, kichwa kimemzidi mabega.

"Hilo jina ulipewa na nani?"

"Ni la utotoni, afande. Angalia kichwa, halafu angalia shingo." Akakiweka kikombe chini taratibu. "Ningejua yatakuja kunipata haya, ningewaambia waniite Ndoo."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Inspekta hakucheka.

"Banda la marobota ya majani limeungua mchana kweupe, na mtu amekufia ndani. Wewe umeonekana ukitoka pale mbio, na mfukoni tumekukuta na kiberiti."

"Kiberiti ni cha sigara. Na mbio zile nilikuwa nafuata maji. Sasa banda linawaka, afande, ningetembea?"

"Wakati wa kuvuna majani uligombana na marehemu shambani. Watu walisikia."

Dereva alishusha pumzi. "Waliosikia wameeleza yote au nusu? Mvua ilinyesha juu ya majani yaliyokatwa. Mimi niko juu ya trekta, nafunga marobota. Mdogo mtu, huyu marehemu, anakuja ananiambia zima mashine, majani bado yana maji, tuyageuze kwanza yakauke. Kaka mtu anakuja upande wa pili ananiambia funga. Huyu ananivuta huku, yule kule. Nikamwambia mdogo mtu, nendeni mkakubaliane huko, mimi ni dereva tu. Nilipaza sauti kwa sababu trekta linanguruma."

"Ukafunga?"

"Nikafunga. Bosi ni kaka mtu."

"Na aliyetuambia kwamba wewe na marehemu mligombana, unamjua?"

"Kama si Bosi mwenyewe, basi mimi sijui watu."

Inspekta alimtazama kidogo, kisha akamrudisha selo. Mtu anayesema kweli na mtu aliyejipanga vizuri, kwenye kile chumba, walikuwa wakifanana sana.

*

Banda lilikuwa limebaki mifupa. Mabati yalikuwa yamejikunja na kulalia katikati, na majivu yaliyolowa yalikuwa yameganda kama uji wa jana. Inspekta alimkuta bwana shamba amekwisha fika, suruali ameichomeka ndani ya mabuti ya mpira, amechuchumaa anachokonoa kwa panga.

"Niambie kwanza unachokiona," alisema Inspekta. "Ya watu tutayafikia baadaye."

Bwana shamba alinyoosha panga. "Nguzo za mlangoni zimesimama. Zimebabuka huko juu tu, moto ulipopanda kwenye paa. Za pembeni hivyo hivyo. Njoo sasa huku katikati."

Katikati nguzo zilikuwa zimeliwa mpaka chini, zimebaki vishina vyeusi.

Inspekta alimgeukia koplo. "Wewe ukitaka kuchoma banda, unawashia wapi?"

"Mlangoni, afande. Au upande unakotoka upepo. Nawasha, naondoka."

"Ungepita juu ya marobota mpaka katikati ya banda ndiyo uwashe?"

"Halafu nitoke vipi?"

Bwana shamba alilivuta robota moja lililosalimika nusu, akalipasua kwa panga. Kwa nje lilikuwa la kijivu, lenye masizi. Ndani lilikuwa la kahawia kama tumbaku, na kadiri panga lilivyozama ndivyo lilivyozidi kuwa jeusi. Harufu ikawafikia wote watatu kwa pamoja, tamu, nzito, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria mpaka ikaungua.

"Hili halikuchomwa," alisema. "Hili limejipika lenyewe. Majani yakifungwa na maji ndani, yanapata joto. Ukiyabana katikati ya rundo kubwa, joto halina pa kutokea. Linapanda siku baada ya siku. Mwanzo unasikia uvundo, baadaye utamu huu. Ukishasikia utamu, jua ndani kuna moto unaosubiri hewa."

"Unasubiri mtu auchokoze."

"Auchokoze kidogo tu. Ukivuta robota moja la katikati, umeufungulia dirisha. Harufu hii ukiisikia humwingizi mtu mle. Unawatoa watu wote, unaita zimamoto."

Koplo alifunga daftari lake kwa kishindo. "Basi imekuwa ajali. Hakuna aliyewasha. Tukamtoe yule Ndoo, tukale."

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya vigingi vilivyowekwa siku ile ya kwanza kuonyesha mwili ulipolala. Vilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye vile vishina vyeusi. Chini, mahali ulipokuwa mkono wa kulia, kulikuwa na ndoano ya chuma ya kuvutia marobota, mpini wake wa mbao umeungua wote.

"Kaka mtu ameandika nini kwenye maelezo yake?"

Koplo alilifungua tena daftari. "Kwamba moto ulipowaka, mdogo wake aliingia kuokoa malisho."

"Mtu anayeokoa malisho kwenye moto anaokoa yaliyo mlangoni. Huyu ameyapita yote yaliyo mlangoni, ameingia mpaka ndani kabisa, na ndoano mkononi." Akajifuta majivu kwenye viganja. "Alikuwa anafanya kazi. Moto umemkuta kazini. Nataka kujua nani alimpa kazi hiyo."

*

Mjane alikuwa chumbani, anakunja nguo za mume wake na kuzipanga kitandani: mashati upande mmoja, suruali upande mwingine. Hakuacha kukunja walipoingia.

"Pole, dada," alisema Inspekta. "Nina maswali machache, halafu nitakuacha."

"Uliza. Wenzio wameuliza moto tu, mume wangu hawakumuuliza."

"Siku ile alikuwa wapi kabla hajaenda bandani?"

"Hapo mezani, anakula. Shemeji alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, twende ukanisaidie kutoa marobota ya ng'ombe wa maziwa. Mume wangu akamuuliza, si ng'ombe wanakula yale ya shimoni? Shemeji akasema wewe twende. Akaacha sahani, akamfuata."

"Wakati huo ulikuwa umeona moshi?"

Mjane alilishika shati kifuani, akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa natoka kuanika nguo nje, afande. Nguo nyeupe. Kungekuwa na moshi ningeanika?"

"Shemeji yako alikwambia lolote baadaye?"

"Aliniambia nisiseme sana, kwa sababu maneno mengi yanamuumiza mama." Akalikunja shati upya, ingawa lilikuwa limekwisha kunjwa. "Nikaona ananihurumia."

Kutoka hapo Inspekta alipitia zizini. Ng'ombe wa maziwa walikuwa vichwa chini kwenye mahori ya malisho, wanatafuna mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa shimoni. Mkamuaji, mwanamke aliyejifunga kanga mbili kiunoni, alimwambia shimo lilifunguliwa kabla ya moto na ng'ombe hawakuwa wamegusa majani makavu tangu siku hiyo.

"Hata kidogo?"

"Kidogo cha nini, afande? Ukishawaonjesha ya shimoni, majani makavu wanayatazama kama umewatukana."

Inspekta alilifuata shimo. Turubai lilikuwa limefunuliwa upande mmoja, na malisho yalikuwa yamekatwa wima kama mkate, kipande kikubwa kimekwisha liwa. Haikuwa kazi ya siku moja wala mbili. Kwa hiyo siku ile hapakuwa na ng'ombe aliyehitaji robota.

*

Kaka mtu alikuwa ghalani, anasimamia wapagazi wakipanga magunia ya mahindi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya chini, shati jeupe limefungwa vifungo vyote. Alimpa Inspekta mkono na kumwonyesha kiti, kisha akabaki amesimama.

"Nimesikia mmekwenda na bwana shamba," alisema. "Kwa Kiberiti kuna haja ya bwana shamba?"

"Tunataka faili liwe limekamilika. Ghala lako ni safi."

"Nafaka haitaki uchafu. Ukiipa unyevu kidogo tu, imekuharibikia."

"Naona magunia yote yako juu ya chaga, hewa inapita chini. Ila yale." Inspekta alionyesha pembeni. Magunia ya mbegu, yenye vitambulisho vyake, yalikuwa yametupwa sakafuni, mengine yamelala kifudifudi yakigusa ukuta. "Kwa mtu mwangalifu kama wewe, yale yamenishangaza."

Kaka mtu alifungua mdomo, lakini mpagazi mmoja alimtangulia. "Hayo tumeyahamisha siku ile ya moto, asubuhi. Yalikuwa kwenye chumba cha ubavuni mwa banda. Bosi alisema anataka kupuliza dawa ya panya. Bahati ilioje."

Mpagazi akamtazama Bosi, akaona uso wake, akaliinua gunia ambalo halikuwa zamu yake.

"Ni kweli," alisema kaka mtu. "Bahati."

"Ulipuliza?"

"Moto uliwahi."

Inspekta alianza kutembea polepole kandokando ya ukuta. Karibu na mlango kulikuwa na nondo ndefu imeegemezwa, ndefu kuliko mtu, ncha yake imechongwa. Aliiinua, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupimia mahindi. Unachoma gunia, unaona ndani pakoje."

"Mahindi si yanachukuliwa kwa ile?" Kwa kidevu alionyesha bambo lililoning'inia kwenye msumari, fupi, lenye uwazi katikati, punje chache zimesalia ndani yake. "Ile ukichoma inatoka na punje. Nondo haina tundu. Ukiichoma kwenye gunia inatoka na nini?"

"Kuna wapimaji na wapimaji, afande."

Inspekta alipitisha kidole kwenye ncha. Kulikuwa na utando mweusi, mgumu, unaonata kidogo, umepanda mpaka karibu nusu ya nondo. Aliunusa. Kisha akampelekea koplo anuse, na koplo akageuza uso upande wa mlango haraka.

"Wafanyakazi wako wawili wamesema kabla ya moto walisikia harufu tamu kule bandani," alisema Inspekta. Hakuna mfanyakazi aliyesema hivyo, ila alitaka kuona jibu litakuwa tayari au litatafutwa.

Lilikuwa tayari. "Molasi. Tunachanganya kwenye malisho ya shimoni. Pipa moja lilimwagika."

"Wapi?"

"Kule stoo ya nyuma, jirani na banda. Upepo ulileta harufu."

"Unaweza kunionyesha?"

Alisita kidogo tu, kisha akachukua ufunguo. Stoo ya nyuma haikuguswa na moto. Mapipa ya molasi yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, vifuniko vimefungwa kwa waya, na vumbi la juu yake halijawahi kuguswa. Inspekta alichuchumaa, akaitazama sakafu kutoka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa saruji kavu, nyeupe.

"Mwaga kijiko cha molasi kwenye sakafu kama hii," alisema, "urudi baadaye kidogo. Utakuta sisimizi wamefanya mkutano. Hapa hayupo hata mmoja."

Kaka mtu alitazama mapipa yake, akatazama sakafu. Vidole vyake vilikwenda kwenye kifungo cha juu cha shati, vikakigusa, vikarudi chini.

"Twende nyumbani," alisema. "Yale utakayoyasema, sitaki uyasemee hapa."

*

Mama yao alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Inspekta alitaka kuzungumza na kaka mtu faragha, lakini mama alikataa kuinuka.

"Aliyekufa ni wangu, na huyu ni wangu," alisema. "Mnataka nikakae jikoni?"

Inspekta aliketi. Koplo akasimama mlangoni. Kaka mtu alibaki katikati ya chumba, hana kiti na wala hakutafuta.

"Nitasema ninachokijua," alianza Inspekta. "Pasipo sahihi, unisahihishe. Asubuhi ya siku ile uliichoma nondo ndani ya rundo la marobota. Ulipoitoa, ilikuwa na joto."

"Sikuweza kuishika," alisema kaka mtu. Alisema kwa sauti ile ile ya chini, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Ukajua banda linaweza kuwaka wakati wowote. Ukahamisha mbegu. Wafanyakazi ukawaambia habari za panya."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuita zimamoto?"

Mama alimgeukia. "Mwanangu, umeulizwa."

"Wangekuja na ving'ora, mama. Kila mtu angekuja kutazama. Wangeuliza nani aliyafunga majani yakiwa mabichi."

"Na ni nani?" aliuliza mama.

"Ni mimi. Yeye alikataa. Alikuja mpaka kwenye trekta kukataa, watu wote wakisikia. Nikamwambia mbele yao kwamba mwenye kujua shamba hili ni mimi, yeye akachunge ng'ombe. Nikasema nikitoa yale ya katikati kimya kimya, nikayamwaga huko bondeni, yatapoa, yamekwisha. Hakuna atakayejua."

"Lakini peke yako usingeweza," alisema Inspekta.

"Yale mazito. Ningemwita mfanyakazi, jioni shamba zima lingejua. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kutoa maneno nje. Hata angejua, asingenicheka."

Inspekta alisubiri. Alikuwa amebakiza swali moja, na aliona afadhali ajibiwe kabla ya kuuliza. Lakini aliyeuliza alikuwa mama.

"Ulimwambia kwamba ndani kuna moto?"

"Hapana."

"Hakusikia harufu? Yeye?"

Kaka mtu alijishika paji la uso. "Alisikia. Tulipofika mlangoni alisimama. Akaniuliza, kaka, hii harufu ni ya nini. Nikamwambia ni molasi, imemwagika huko stoo."

"Akaamini?"

"Aliamini, mama. Akachukua ndoano, akaingia. Mimi nikabaki mlangoni, nikawa nayapokea. Alinitolea matatu. La nne sikuliona. Nilisikia kama mtu amepuliza, basi, halafu ikawa nyekundu ndani. Nikamwita. Nikaingia hatua mbili, nikashindwa."

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na dereva?" aliuliza Inspekta. "Yeye amelala selo kwa ajili ya nini?"

"Watu walianza kumtaja wenyewe. Mimi sikumtaja."

"Ulimtaja. Umetia sahihi. Ugomvi wa shambani umeueleza vizuri sana, na wewe mwenyewe umejitoa humo."

Kaka mtu aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza ilionekana kama shati lile lilikuwa la mtu mwingine mkubwa zaidi. Inspekta alimtolea koplo ishara, na koplo akatoka nje kupiga simu kituoni, dereva afunguliwe na apewe vitu vyake vyote. Aliporudi alikuwa na pingu.

"Naweza kubadili nguo?" aliuliza kaka mtu.

Inspekta alimtazama mama, ingawa uamuzi haukuwa wa mama.

"Unakwenda kubadili ili nani akuone?" alisema mama. "Nenda hivyo."

Akatoa mikono. Koplo akamfunga, akamtangulia kupita mlango wa mbele, na kule nje sauti za wapagazi waliokuwa wakizungumza zikakatika kwa pamoja. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa.

Inspekta alikuwa ameinuka, anatafuta namna ya kuaga. Katika kazi yake alikuwa amejifunza maneno mengi ya kuwaambia waliofiwa na mengine ya kuwaambia ambao watu wao wamekamatwa. Alijikuta hana ya mtu mmoja aliye yote mawili.

"Mama, kuna mtu wa kukaa nawe leo?"

"Yupo mkwe wangu. Nitakwenda kumwambia mwenyewe, asisikie kwa wapagazi." Mama alishika mkono wa kiti, akajiinua kidogo kidogo mpaka akasimama wima. "Huko kwenu mahabusu, mwanangu, watu wanaruhusiwa kuonwa wakati gani?"

"Mchana, mama. Unaweza kumletea chakula."

"Na mochwari?"

"Mochwari pia ni mchana."

Mama alifikiri kidogo, kama mtu anayepanga safari ya siku yenye shughuli nyingi.

"Basi nitaanza kwa mdogo," alisema.